Siku Mama Mipira Alipombeba Bibi

Wifi yangu alipewa jina zuri na wazazi wake, lakini hakuna anayelitumia. Mtaani, mashambani, hata kwenye simu ya mume wake, ambaye ni kaka yangu wa tumbo moja, yeye ni Mama Mipira. Mgeni akilisikia jina hilo mara ya kwanza huuliza kama zamani alikuwa golikipa. Wengine huwaza mambo yao mengine, na hao wifi huwakata jicho moja tu wakanyamaza. Mipira yenyewe ni ile myeusi, myembamba, inayolazwa kando ya mistari ya mimea, yenye vitundu, vijipande vya plastiki vya kuchomeka, vinavyodondosha maji tone baada ya tone kwenye kila shina.

Kazi yake ni kuizungukia hiyo. Chama cha wakulima wa mboga wa kwetu kilimwajiri apite shamba kwa shamba, asafishe machujio, azibue vitundu, afungue ncha za mipira ili tope litoke, kisha apime. Kupima ndiko anakokupenda. Hutega makopo matupu chini ya vitundu, mengine mwanzoni mwa mstari, mengine katikati, mengine mwishoni, halafu anachungulia kila kopo limepata kiasi gani. Yote yakilingana, anatabasamu peke yake kama mtu aliyeletewa barua ya mapenzi. Yasipolingana, siku hiyo hata kula anasahau.

Hakuanzia hapo. Alipoolewa kwetu alikuwa kibarua wa kupalilia kwenye shamba kubwa la maua. Siku moja msimamizi alimkuta amechuchumaa, amechomoa kitundu kilichoziba, anakipuliza kwa mdomo kama filimbi. Sote tulidhani atafukuzwa. Badala yake akahamishiwa upande wa maji, akarudi nyumbani ana matope hadi kwenye nyusi, anacheka. Kaka yangu ni fundi cherehani. Alimtazama, akasema, "Basi nyumba hii mimi nitashona, wewe utafumua." Tangu hapo wifi hajui kutembea akiangalia mbele. Anaangalia chini, anatafuta unyevu uliokaa mahali usipotakiwa. Mpeleke harusini, wenzake wanamsifu bibi harusi, yeye yuko nyuma ya jiko anakaza bomba la watu.

Ni mkaidi, na maneno yake ni ya kuhesabika. Mimi nasuka nywele, na kazi yangu nusu ni vidole, nusu ni mdomo. Ndiyo maana kisa hiki nakisimulia mimi. Yeye ukimuuliza habari za siku ile atakujibu, "Palibomoka," kisha atatafuta shughuli ya kufanya. Sitii chumvi. Nilikuwepo, na mpaka leo nikikumbuka, vidole vinakufa ganzi katikati ya msuko na mteja ananiuliza kama nimelala.

Ulikuwa wakati wa kiangazi kikali, wateja wangu wamepungua, na wifi aliniomba nikamsaidie kubeba makopo. Tulikwenda kwa mkulima mmoja anayeitwa Dereva. Aliendesha mabasi ya masafa marefu miaka mingi, alipostaafu akarudi kwenye ardhi ya baba yake, akapanda nyanya na pilipili hoho. Bado alikuwa na sauti ya kushindana na injini. Ukimsalimia unasogea nyuma kidogo.

"Mama Mipira! Umekuja kuniona nikifilisika?" alitupokea. "Njoo ushuhudie. Huku juu mimea inachekelea, huku chini inakufa. Na mwizi ninayemshuku yuko pale ng'ambo ya uzio."

Alinyoosha kidole kwa jirani yake, mwanamume mfupi aliyekuwa anachambua majani ya mbuzi wake. Jirani aliinua kichwa, akakiinamisha tena.

"Anakuibia maji?" nikauliza. Mdomo wangu huo.

"Ananiibia! Ana bustani ya mchicha imestawi kama imechorwa. Maji anayatoa wapi? Hatusalimiani. Nimemwambia siku nikimshika, tutajuana."

Mkewe, mama mmoja mpole anayecheka kwa mabega, alitoa viti, akatoa maji ya kunywa. Wifi hakuketi. Alikwenda moja kwa moja kwenye chujio, akalifungua, akaliosha, akalifunga. Akafungua ncha za mipira. Likatoka tope kidogo, kisha maji masafi. Akategesha makopo huku na huku, nami nikawa nakimbia nayo kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Tulipoyakagua, yale ya juu yalikuwa na maji ya kuridhisha. Yale ya chini yalikuwa na vijiko tu. Wifi akapiga magoti, akachomoa vitundu vya kule chini kimoja kimoja, akavitazama kwenye jua. Vilikuwa visafi kabisa.

"Havijaziba," alisema. "Maji yenyewe hayafiki."

"Si ndicho ninachokwambia!" Dereva akadakia.

Akatupeleka kwenye pampu, pembeni kabisa mwa shamba, ambako maji yanavutwa kutoka kwenye bwawa la wakulima. Hapo pana mita, ile yenye mshale mdogo unaozunguka maji yakipita. Wifi alimwomba Dereva afunge koki zote za kuingilia shambani. Akazifunga, moja baada ya nyingine, akarudi anafuta mikono kwenye suruali. Sasa hapakuwa na tone lililoruhusiwa kwenda popote, na ule mshale ulitakiwa usimame.

Haukusimama. Uliendelea kuzunguka, tena kwa raha zake.

Nakumbuka tulivyoukodolea macho. Hata mimi nisiyejua bomba wala bombo nilielewa kuwa ninaangalia kitu kisichowezekana. Kila njia imefungwa, na maji yanakwenda.

"Yanakwenda wapi?" mke wa Dereva akauliza taratibu.

Dereva hakusubiri jibu. Aliokota jembe, akageukia kwenye uzio, mishipa ya shingo imemtoka. Wifi akasimama mbele yake. Ni mwembamba, Dereva ni pande la mtu, lakini akasimama.

"Baba, hebu subiri kwanza. Kuyaiba yote haya anahitaji bomba, na bomba lazima lichimbiwe. Nionyeshe ulikolipitisha lako, tutembee juu yake. Kama kuna aliyechimba tutamwona."

Bomba kuu lilitoka kwenye pampu, likapita chini ya ardhi nyuma ya nyumba, kisha likashuka shambani. Tulilifuata hatua kwa hatua. Wifi mbele, macho chini, mkononi ana fimbo ya chuma anayotembea nayo kazini. Udongo ulikuwa mkavu, mgumu, haujaguswa. Hapakuwa na alama ya jembe. Dereva akaanza kupoa, akawa sasa ananung'unika tu. Mimi nikafurahi kimoyomoyo kwamba hakuna mtu atakayepasuliwa kichwa.

Lakini wifi hakufurahi. Kadiri tulivyoenda ndivyo uso wake ulivyozidi kukaza.

"Vipi?" nikamnong'oneza.

"Hakuna majani mabichi."

"Sasa hilo ni baya?"

"Bomba likivuja, maji hupanda juu. Utaona tope, utaona majani. Maji mengi kiasi kile, na juu pakavu hivi?" Akaikanyaga ardhi kwa kisigino. "Basi hayapandi. Yanashuka."

Tukafika nyuma ya nyumba. Ilikuwa nyumba ya tofali ya kawaida, ila upande mmoja palikuwa na chumba kilichoongezwa, tofali zake bado nyekundu, hazijapigwa lipu. Bomba lilielekea hapo, likaingia chini ya ukuta, likatokea upande wa pili.

"Chumba hiki?"

"Cha mama yangu," Dereva akasema, na sauti yake ikateremka kwa fahari. "Nilimjengea nilipostaafu. Alikuwa kwa dada yangu, nikasema hapana, mama atakaa kwangu. Bomba lilikuwepo kabla. Fundi aliniambia halina neno."

Wifi alikita ncha ya fimbo ardhini kando ya ukuta, ncha nyingine akaibana sikioni, akafumba macho. Hivyo ndivyo anavyosikiliza. Bomba linalovuja hupiga mluzi, aliwahi kunieleza, kama mtu anayezuia hasira kwa meno.

Akasikiliza. Akahamisha fimbo, akasikiliza tena. Halafu akafumbua macho, na mimi wifi yake niliyekaa naye jiko moja sikuwahi kumwona na macho yale. Yalikuwa meupe kwa hofu.

"Mama," alimwambia mke wa Dereva, taratibu sana, "nenda kazime pampu. Kimbia."

Yule mama akatoka mbio. Wifi akazunguka nyumba, akaingia ndani bila hodi, nasi nyuma yake.

Bibi alikuwa amelala kitandani, mdogo, mwembamba, kichwa kitupu chenye mvi fupi, mtandio wake umetundikwa kwenye msumari ukutani upande wa dirisha. Macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu. Aligeuza uso kuelekea vishindo vyetu.

"Nani hao?"

"Shikamoo Bibi. Mimi fundi wa maji."

"Marahaba. Karibu. Umekuja kwa ajili ya haya ya chini ya kitanda?"

Wote tukaitazama sakafu.

"Yapi, Bibi?" wifi akauliza.

"Maji. Yanamiminika humo chini, mchana kutwa. Nilimwambia huyu mwanangu, akasema naota. Na wewe unayasikia?"

Wifi aligonga sakafu kwa fimbo karibu na mlango: ngo. Sauti ya saruji iliyokaa juu ya ardhi. Akasogea hatua, akagonga karibu na kitanda.

Sauti iliyotoka ilikuwa ya ngoma.

Nywele zilinisimama. Sakafu haitakiwi kulia vile. Wifi akarudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa ukuta, halafu akaonekana kama amekumbuka kitu, akaenda kwa unyayo mwepesi hadi kitandani, akainama.

"Bibi, twende nje."

"Nje nikafanye nini na jua hili? Mwambie mwanangu anilete—"

Hakumaliza. Wifi alimwingizia mkono mmoja mgongoni, mwingine chini ya magoti, akamnyanyua kama mtu anayeanua nguo mvua imekaribia, akatoka naye. Bibi akapiga yowe. Mimi nilibaki nimeachama. Mtu mzima, mama wa watu, anabebwa na mgeni bila ruhusa, miguu inaning'inia, kichwa wazi!

"Wewe!" Dereva alinguruma huku akimfuata. "Wewe mwanamke! Unambeba mama yangu kama gunia la viazi? Una akili kweli?"

Wifi hakujibu hadi alipofika mbali kabisa na nyumba, penye banda la kuku, akamkalisha Bibi kwenye kiti cha mbao. Alikuwa anahema. "Samahani Bibi. Samahani sana. Chini ya chumba chako pako wazi."

"Wazi vipi?" Dereva akafoka. "Nilimwaga zege mwenyewe! Nilisimama pale nikiangalia!"

"Zege lipo. Chini yake hakuna kitu."

Sote tukageuka kuitazama nyumba. Ilisimama palepale, imetulia, tofali zake nyekundu juani, pazia linapepea dirishani. Mke wa Dereva akarudi kutoka kwenye pampu, jasho linamtiririka, akasimama nasi. Tukatazama. Nyumba nayo ikatutazama. Hakukuwa na lolote.

Aibu ikaanza kunipanda, aibu ya kuambatana na mtu aliyefanya jambo la ajabu. Nilimwona Dereva anamtazama wifi kuanzia kichwani hadi kwenye viatu vyake vya mvua, midomo imembetuka. Na Bibi hakukaa kimya.

"Mmenitoa kichwa wazi mbele ya watu kama mwendawazimu! Jirani ananiona! Nipeni mtandio wangu!"

"Nakuletea, mama," Dereva akasema.

"Usiingie," wifi akasema.

"Ni nyumba yangu."

"Baba, nakusihi usiingie mle. Mpe kanga ya mkeo, mpe shati lako, lakini mle usiingie."

"Umeshanidhalilisha vya kutosha," Dereva akamjibu, akaenda.

Wifi akamkimbilia. Nami sijui kwa nini, miguu ikanipeleka. Tulimfikia akiwa ameshapita sebuleni, amesimama kwenye mlango wa chumba cha mama yake. Nadhani yale maneno yalikuwa yamemwingia kidogo, maana hakuingia kwa kujiamini. Alishika fremu ya mlango kwa mkono wa kushoto, akaweka mguu mmoja ndani, akajinyoosha kuutafuta ule mtandio.

Watu huniuliza kishindo kilikuwaje. Hapakuwa na kishindo, si mwanzoni. Palikuwa na kitu kama pumzi, kama mtu mkubwa sana ameshusha pumzi aliyoishikilia siku nyingi. Kitanda kikainama kichwani, taratibu, kwa adabu, kama kinapiga magoti. Kisha sakafu yote ikaondoka.

Ndiyo, iliondoka. Neno jingine sina. Palipokuwa na sakafu pakawa na weusi, na kitanda hakipo, na sanduku la nguo za Bibi halipo, na redio yake ikateleza mezani ikiwa inazungumza, ikaenda nayo inazungumza. Ndipo kishindo kikaja, kutoka mbali chini, na vumbi likatupiga usoni.

Dereva alikuwa ananing'inia. Mguu wake mmoja ulikuwa kwenye kizingiti, mwingine hewani, mkono wa kushoto umeng'ang'ania fremu hadi vifundo vimepauka. Wifi alimdaka mkanda wa suruali, mimi nikamdaka wifi kiunoni, tukaanguka sote watatu kwa nyuma juu ya zulia la sebule, rundo moja.

Hakuna aliyepiga kelele. Hilo ndilo linalonishangaza zaidi. Mimi, ambaye mende akipita napiga kelele mtaa mzima unaamka, nilikaa pale sakafuni nikisikiliza mawe yanavyoendelea kudondoka ndani ya maji, moja, kisha jingine, na sikuweza hata kusema "mama". Dereva alitazama mguu wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. Halafu akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo:

"Sijaupata mtandio."

Tulitoka nje tukitambaa.

Wa kwanza kufika alikuwa yule jirani. Aliuruka uzio, kamba ya mbuzi mkononi, macho yamemtoka. "Nani yumo? Nani yumo ndani? Nimesikia kama lori limemwaga mawe!" Hakusubiri ajibiwe. Alianza kuifunga kamba kiunoni ili aingie, mpaka mke wa Dereva akamshika mkono akimwambia hakuna mtu, sote tumetoka, Bibi yule pale. Akamtazama Bibi. Akatutazama sisi tuliojaa vumbi kama waliotoka kwenye mashine ya kusaga. Akaketi chini ghafla, kamba ikiwa bado kiunoni, akaanza kulia yeye. Dereva alimwangalia mtu huyu aliyekuwa amemtayarishia jembe. Alikwenda akaketi kando yake kwenye udongo, bega kwa bega, wakakaa hivyo.

Wifi alikuwa amejitenga, ameegemea banda la kuku, anatapika.

Bibi pekee ndiye aliyekuwa anauliza maswali. "Nini kimeanguka? Mbona mmenyamaza? Kitanda changu kiko wapi?" Halafu upepo ukageuka, ukaleta ubaridi kutoka kule chumbani, harufu ya udongo mbichi na magogo yaliyooza. Bibi akanusa. Uso wake wote ukakunjamana.

"Hiyo harufu naijua," alisema. "Hicho ni kisima cha marehemu."

Dereva akainua kichwa. "Kisima gani, mama?"

"Cha baba yako. Alikichimba tulipohamia hapa. Kikakauka, akalaza magogo juu, akafukia, tukapanda mihogo. Wewe ulikuwa bado unanyonya." Akageuza macho yake yenye ukungu huku na huku, akitafuta sauti ya mtu. "Kwani chumba changu mlikijenga upande wa kwenye mihogo?"

Bibi alikuwa kwa bintiye chumba kilipojengwa, aliporudi macho yalikuwa yameshamwacha. Aliingizwa kwa kushikwa mkono, akaonyeshwa kitanda, akashukuru. Na mwanawe, kwa mapenzi yote, alikuwa amemlaza mama yake juu ya kisima cha baba yake. Kiungo cha bomba kilikuwa kimelegea hapohapo chini, maji yakawa yanateremka kwenye shimo la zamani, yanaozesha magogo, yanauvuta udongo kidogo kidogo, mpaka kikabaki kile kibamba cha saruji kimeshikilia kitanda na Bibi na sala zake.

Dereva alipoelewa, alijifunika uso kwa mikono yote miwili. "Alikuwa ananiambia," alirudia. "Alikuwa ananiambia kila asubuhi, nami namwambia anaota."

Siku zilizofuata wifi hakwenda kazini. Aliketi kwenye kigoda nyumbani, kikombe cha chai kinapoa mkononi. Kaka yangu alijaribu utani wake wote, akaishiwa. Kilichokuwa kinamtafuna si lile shimo. Aliniambia mwenyewe nilipokuwa namfumua nywele, maana kichwa cha mtu kikiwa mikononi mwako husema.

"Nilipombeba, wifi, sikuwa na hakika."

"Lakini ulisikia."

"Nilisikia kitu nisichowahi kukisikia. Nikaona nikikosea nitakuwa kichekesho cha eneo zima. Nilisimama mle ndani nikafikiria kicheko. Kichekesho, wifi! Mtu mzima amelala juu ya shimo, mimi nawaza watanichekaje."

"Ulisimama kidogo tu."

"Nilisimama," akasema.

Alirudi kwenye kazi yake kwa sababu Dereva alikuja mwenyewe kumfuata. Alibisha hodi, akasimama mlangoni amevua kofia, sauti yake imekuwa ya mtu wa kawaida, na sidhani kama ile ya zamani itarudi. Chumba kilikuwa kimebomolewa, kisima kimejazwa mawe na kifusi, na jirani ndiye aliyeleta mkokoteni na kusomba nusu ya kazi. Bomba jipya lilikuwa limelazwa mbali na nyumba, juu ya ardhi, kila mtu alione. Alichotaka ni wifi akapime, maana mke wake amekataa kufungua maji mpaka Mama Mipira awepo.

Tukaenda. Nikabeba makopo tena. Bibi alikuwa amehamia sebuleni, kwenye kitanda kipya, analalamika kwamba ni kirefu mno na kwamba redio mpya inasema uongo kuliko ile iliyozama. Wifi alimsalimia kwa kupiga magoti, akamwomba radhi kwa mara nyingine. Bibi akamshika mkono, akaupapasa hadi kwenye kiwiko.

"Wewe mwembamba hivi ndiye ulinibeba? Nilidhani ni mwanamume."

Wifi akacheka, mara ya kwanza tangu siku ile. Kisha akauliza, kwa kuuliza tu, kama yale mazungumzo ya kuagana: "Bibi, hakuna kingine marehemu alichofukia hapa?"

"Hapana," Bibi akasema. "Ni vile visima viwili basi."

Mke wa Dereva alidondosha sufuria.

"Viwili?" Dereva akasema. Alikuwa amesimama mlangoni, nikamwona anaiangalia sakafu aliyoikanyaga, kisha anaiangalia miguu yake.

"Cha kwanza hakikutoa maji, akachimba cha pili. Nacho kikakauka, akaacha. Mbona mnashtuka? Nilidhani mnajua." Akafikiri. "Cha kwanza kilikuwa karibu na mti wa limau."

Mti wa limau haukuwepo tena, lakini Dereva alikumbuka kisiki chake. Kilikuwa kando ya banda la kuku. Pale tulipomkalisha Bibi siku ile, kwa usalama wake.

Wifi alikwenda na fimbo yake. Sisi tulisimama mbali, hakuna aliyetaka kumsogelea wala aliyeweza kuacha kutazama. Aligonga, akasogea, akagonga. Alipofika usawa wa kile kiti cha mbao, alinyanyua mkono bila kugeuka, akatuashiria turudi nyuma, na yeye mwenyewe akarudi kinyumenyume akikanyaga nyayo zake zilezile. Kuku walihamishwa siku hiyohiyo. Wanaume walipochimbua kwa pembeni, walikuta magogo yamekuwa laini kama mkate uliolowa, na chini yake giza. Mke wa Dereva, aliyekuwa akipita hapo kila asubuhi kuokota mayai, aliliangalia mara moja tu, akaingia ndani akafunga mlango.

Makopo tuliyapima jioni, baada ya shimo kuzungushiwa kamba na miti. Ya juu, ya kati, ya chini, yote yalikuwa yanakaribiana. Wifi alituonyesha, lakini hakutabasamu kama zamani. Alimwaga kila kopo kwenye shina lililokuwa karibu, akayapanga ndani ya mfuko.

Siku hizi akifika kwenye shamba geni hafungui chujio kwanza. Anauliza nani amekaa hapo muda mrefu kuliko wote, anaketi naye, anaulizia visima, vyoo vya zamani, mashimo ya taka, mapito ya maji. Wakulima wengine humwona anapoteza muda. Wanamlalamikia kwenye chama kwamba anakuja kupiga soga badala ya kuzibua. Yeye huendelea kuuliza. Nyumbani kwetu pia alishagonga kila chumba, na kaka yangu alihamisha cherehani yake mara mbili ili tu apate amani. Mimi kitanda changu nilikisogeza mwenyewe, bila kuambiwa.